Giaboksi ya Shemeji

Machi 2

Mvua ya kwanza imekuja pamoja na shemeji. Nilikuwa chini ya gari la maziwa, nasikia matone makubwa yakianza kugonga bati, nikageuza kichwa nikaona magurudumu mapana yakiingia gereji polepole bila sauti ya injini. Gari lake lilikuwa linavutwa kwa kamba. Yeye ameketi nyuma ya usukani, anapungia watu mkono utadhani mgeni rasmi.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Siku za kazi anafundisha udereva, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mwalimu. Kiangazi anashindana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, magari mawili mawili, moja kwa moja mpaka mwisho wa lami. Injini yake ina nguvu za farasi mia tisa. Ameiunda kwa miaka, yeye na Cheche, fundi umeme ninayegawana naye gereji hii. Shida ni kwamba hakuna giaboksi inayoistahimili. Ya mwisho imetapika meno yake yote barabarani.

"Shem," akaniambia, hata salamu sijamaliza kuitikia, "safari hii nataka otomatiki."

Cheche alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Otomatiki! Mwalimu, umezeeka? Tukuwekee na mto wa kuegemea?"

Shemeji naye akacheka. Alicheka amechelewa kidogo, kama mtu aliyesubiri aone wengine wanacheka nini.

Sijawahi kumpenda sana mtu huyu. Anapiga domo. Kila hadithi anaitia chumvi mpaka hailiki. Dada yangu hukaa kimya na cherehani yake, na yeye anajaza nyumba kwa sauti. Lakini nimekubali kazi. Giaboksi ya otomatiki inayoweza kubeba farasi mia tisa sijawahi kuiunda, na tangu saa ile mikono inaniwasha.

Machi 4

Mvua.

Machi 7

Nimepata giaboksi ya kuanzia, imetoka kwenye lori dogo lililopinduka. Nzito, tumeibeba watu watatu. Nimeiosha kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa, nikaanza kuifungua.

Nimefungua nyingi, lakini kila mara ni kama kuingia nyumba ya mtu asiyekuwepo. Mbele kabisa kuna konvata, bakuli kubwa la chuma ambalo ndani yake mna mapanga yanayoangaliana bila kugusana. Injini inazungusha panga moja, panga linasukuma oili, oili inazungusha la pili. Nguvu yote ya gari inavuka pale kwa kuogelea. Nyuma yake zinafuata ngoma za chuma, na ndani ya kila ngoma pleti nyembamba zilizopangwa kama sahani kabatini. Oili ikisukuma, pleti zinabanana na gia inaingia. Oili ikiachia, pleti zinaachana. Na katikati kuna gia ndogo zinazozunguka gia kubwa huku kila moja ikijizungukia yenyewe.

Nilikaa nazizungusha kwa kidole. Mvua nje ilikuwa nyembamba, ile isiyo na haraka. Sijui nilikaa muda gani. Cheche alipita akaniuliza kama naomba dua.

Machi 11

Nimeota mimi ni oili. Napita kwenye njia nyembamba za chuma, gizani, pana joto, na kila ninapofika kona mlango mdogo unafunguka wenyewe. Sikuogopa. Mahali fulani mbele palikuwa na mtu anayesubiri nifike ili aweze kwenda.

Nimemsimulia mama wakati wa chai. Amesema nikilala na nywele zenye oili nitaota mengi zaidi ya hayo, na foronya aliyoinunua si kitambaa cha gereji.

Machi 15

Leo nitaandika kwa kirefu.

Shemeji alikuja mchana, mvua inanyesha, Cheche yuko nje kutafuta nyaya. Nilikuwa nimepanga vipande vyote mezani juu ya karatasi. Akakaa juu ya tairi, akaanza kuniuliza hiki cha nini na kile cha nini. Nikamweleza kwamba giaboksi za kawaida zimetengenezwa zibadilishe gia kwa kubembeleza, ili abiria wasitikisike, na kule kubembeleza ndiko kunakounguza pleti nguvu ikiwa kubwa. Yangu itapiga mara moja na kushika. Nitamwambia mchonga vyuma apunguze unene wa pistoni, kile kisahani kinachosukumwa na oili kubana pleti, ili pleti ziongezeke ndani ya kila ngoma. Nitaweka shafti, ule mhimili wa katikati, ya chuma kigumu zaidi. Nitaongeza msukumo wa oili.

"Na pale kwenye mstari?" akauliza. "Kabla taa haijawa kijani. Nitalizuiaje gari injini ikiwa inanguruma?"

"Kama wengine. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta."

Akanyamaza. Shemeji akinyamaza, unasikia.

"Hakuna njia ya kutumia mguu mmoja?"

Ipo. Unatengeneza njia ya ziada ya oili, unaweka kitufe kwenye usukani. Ukikibonyeza, giaboksi inajifunga yenyewe, gari halisogei, ukikiachia linaruka. Nikamwambia hivyo, kisha nikamuuliza kwa nini. Nilidhani ataniletea hadithi.

Alitaka kusimama. Akashika suruali yake juu ya goti la kushoto kwa mikono miwili, akauinua mguu, akauweka chini mahali alipotaka, kama mtu anayepanga mzigo. Ndipo akasimama.

"Umeona," akasema.

Ni mshipa wa fahamu, kutoka mgongoni. Ulianza kwa ganzi kwenye vidole. Sasa klachi anaikanyaga bila kuisikia, hajui kama amefika chini ama bado. Giaboksi ile ya mwisho haikuvunjwa na farasi mia tisa, imevunjwa na mguu usiojua uko wapi. Shuleni amesingizia maumivu ya kiuno, wamemhamishia darasani kufundisha alama za barabarani. Daktari amemwambia mguu utaendelea kupungua, taratibu, na kwamba kwa sasa magari ya otomatiki anaweza kuendesha, kwa kuwa wa kulia ni mzima.

"Dada anajua?"

"Atajua. Nikishakimbia mara moja tu, shem. Nikimwambia leo atanikataza, na akinikataza nitamsikiliza. Unanijua mimi kwake."

Nilitaka kumwambia kwamba simjui. Miaka yote hii nimemjua kwa sauti tu. Alikuwa amesimama ameegemea meza yangu, mkono mmoja uko juu ya ngoma ya gia ya tatu, na nje maji yalikuwa yanapita mlangoni yamebeba majani na kandambili moja ya mtu.

Nikamwambia nitanyamaza. Sijui kwa nini.

Machi 16

Sijalala vizuri. Mvua.

Machi 22

Chakula cha mchana kwa dada. Shemeji amekaa kwenye kiti chake kama kawaida, na kama kawaida anamtuma dada. Niletee maji. Nisogezee redio. Nipe kile kitabu. Zamani nilikuwa naumia roho, nasema moyoni, mtazame bwana mkubwa huyu. Leo nilikuwa naona kila kitu anachoomba kiko upande wa pili wa chumba.

Akasimulia jinsi mwanafunzi wake mmoja alivyoegesha gari ndani ya duka la viatu. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara duka linakuwa kubwa zaidi. Dada alikuwa anapinda mkono wa gauni, uso umeinama, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: anatabasamu kabla hadithi haijafika mahali pa kuchekesha. Anaisubiri.

Nimekula kidogo. Dada akaniuliza kama naumwa.

Machi 25

Shafti mpya imefika. Nyeusi, laini, nzuri mno. Nimeilaza mezani nikaifunika kitambaa safi, kisha nikafunua tena kuitazama.

Machi 29

Leo nimeifunga giaboksi yote.

Unaanzia chini kwenda juu. Kila pleti inalowekwa kwenye oili kwanza, inatoka nyekundu inachuruzika, unaipanga ngumu, laini, ngumu, laini. Kila pistoni ina sili yake ya mpira, mdomo mwembamba kama ukingo wa petali ya ua, na lazima uingie bila kukunjika. Nilifanya kazi asubuhi yote bila kusema neno. Nyuma ya kichwa changu mvua ilikuwa inapiga bati sana, mpaka Cheche alipotaka kunisemesha alinirushia kizibo.

Mwisho ni kupima kwa upepo. Unaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la kila gia na kusikiliza. Pistoni ikisukuma pleti sawasawa unasikia duf, kama mtu amefunga mlango mzito nyumba ya jirani. Ikiwa sili inavuja, unasikia ssss. Lakini kwa mvua ile nisingesikia hata nikiitwa jina. Nikaweka kiganja juu ya chuma nihisi. Ya kwanza, nikahisi duf. Ya pili, duf. Ya tatu, duf, nadhani.

Nimeandika nadhani. Pale gereji sikusema nadhani. Nilisema tayari.

Aprili 5

Mvua ilipumzika, barabara ya nyuma ya maghala ikakauka katikati. Tukatoka kujaribu. Shemeji kwenye usukani, mimi kando yake, Cheche nyuma amebanwa na kompyuta yake mapajani.

Ya kwanza ilipiga vizuri mpaka nikatabasamu. Ya pili, shingo zetu zikaenda nyuma sote pamoja. Shemeji akapiga kelele ya furaha. Akaingiza ya tatu, na injini ikapanda juu peke yake, ikalia, gari likabaki pale pale linaelea kama lililokatwa kamba. Kisha harufu ikaja. Ni harufu ninayoijua, kama nywele na karatasi vikiungua pamoja.

"Achia mafuta!" nikasema. "Achia, achia!"

Akaachia. Tukateleza wenyewe hadi kando ya barabara. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda chini ya gari, unapita dirishani pangu.

Cheche akasema taratibu, "Kwenye kompyuta inaonyesha msukumo wa oili ulishuka ya tatu ilipoingia."

"Najua," nikasema.

Nilingoja shemeji apayuke. Nilingoja aseme kwamba yeye alijua, kwamba fundi fulani angefanya vizuri zaidi. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele.

"Umeumia shem?" akaniuliza. "Shingo?"

Nikasema hapana.

"Basi tufungue tena," akasema. Mvua ikaanza tena juu ya paa la gari, tukakaa ndani tukisubiri winchi ije kutuvuta.

Aprili 6

Nimeishusha giaboksi na kuifungua, gari limevutwa kwa shemeji lisubiri uani. Pleti za ya tatu ni nyeusi, zimepinda. Sili ya pistoni ilikuwa imekunja mdomo sehemu ndogo isiyozidi ukucha. Upepo ulikuwa unavuja tangu siku ile, ssss, na mimi nilikuwa nasikia mvua.

Aprili 9

Niandike kabla sijalala.

Dada alikuja gereji. Si kawaida yake. Husema harufu ya petroli inaingia kwenye vitambaa vya wateja. Alikuja kwa miguu, bila mwavuli, maji yanamtiririka, na tepe ya kupimia imening'inia shingoni kama alivyoinuka nayo kwenye cherehani. Cheche alimwona uso, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali pengine.

"Nilikuwa nampima suruali mpya," akasema. Hakunisalimia. "Nimempima mtu huyu tangu tuoane. Paja la kulia limekuja sawa. La kushoto nikapima, nikadhani tepe imejikunja. Nikapima tena. Mguu mmoja umekonda kama wa mtu mwingine. Nikamuuliza, akaniambia ni sababu ya kukaa sana. Nikamwambia simama bila kushika kiti."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kidevu chake.

"Akaanguka?" nikauliza.

"Hakuanguka. Hakusimama." Kisha akaniangalia. "Wewe hujashtuka."

Nilishika kitambaa nikaanza kufuta spana iliyo safi.

"Ulijua."

"Dada..."

"Ulijua. Umekuja kwangu, umekula mezani kwangu, unaniangalia nikimletea maji, na unajua. Mdogo wangu wa tumbo moja! Yeye nitamsamehe, maana mgonjwa huogopa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamwambia alinisihi. Nikamwambia aliomba kukimbia mara moja tu.

"Kukimbia." Akatazama meza, pleti zilizoungua zimepangwa mstari, nyeusi. Akaokota moja, ikamchafua vidole. "Na hiki ndicho kitakachombeba?"

Akairudisha mezani taratibu, mahali pale pale, akatoka kwenye mvua. Nilimfuata nikimwita hadi kona. Hakugeuka.

Aprili 10

Hapokei simu.

Aprili 12

Hapokei.

Aprili 13

Mama amesema niache kupiga, dada si mlango wa gereji. Amesema alipokuwa mdogo alikuwa akikasirika anashona. Nguo zote za wanasesere wa mtaa zilitokana na hasira zake. Nikamuuliza na mimi nilikuwa nafanya nini. "Wewe ulikuwa unawafungua wanasesere uone ndani mna nini. Ndiyo aliyokuwa anakasirikia."

Tumecheka, kisha tukasikiliza mvua. Mama naye alikuwa hajui. Ameanza kufikiria ngazi za nyumba ya dada.

Aprili 14

Nimepata pleti mpya. Nimezipanga. Sijafunga. Nikishika sili, naona uso wa dada.

Aprili 17

Nilisinzia mchana kwenye kiti cha Cheche, kile kilichotolewa kwenye gari la kifahari. Nikaota uwanja wa ndege umejaa maji na gari la shemeji linapita juu yake bila kuzama, bila dereva. Nilipofumbua macho dada alikuwa amekaa juu ya tairi, mbele yangu. Nilidhani bado naota, nikamtazama tu.

"Funga mdomo, nzi wataingia," akasema.

Nikakaa sawa. Mvua ilikuwa nyepesi. Akaongea polepole huku anatazama mlango.

"Kila jioni anashuka uani anakaa ndani ya gari. Halina giaboksi, haliendi popote, na yeye amekaa na mikono kwenye usukani, turubai limemfunika. Nilimwacha siku zote hizi. Jana nikaenda nikaingia upande wa pili. Nikamwambia nisimulie. Akanisimulia." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Bila chumvi. Hakuongeza hata kitu. Ndipo nilipoogopa kweli."

Nikamwomba msamaha. Akasema ameshanisamehe njiani akija, nisimfanye aanze upya.

"Nataka kuuliza jambo moja, unijibu kama fundi, si kama mdogo wangu. Hiki kitu kinaweza kumuua?"

Nikamjibu kama fundi. Nikasema mguu hautamuua, kwa sababu nimefanya kila kitu kiwe cha mkono na mguu wa kulia. Nikasema hatari ni ngoma kupasuka kwa kasi ile. Vipande vinaweza kutoboa sakafu. Ndiyo maana sheria za uwanja zinataka giaboksi ivikwe blanketi la kinga, la kitambaa kile cha fulana za askari za kuzuia risasi, tabaka juu ya tabaka. Tunalo moja, la gari la zamani. Kitambaa ni kizima ila mikanda yake imeoza, na hapa ndani hakuna anayejua kushona kitu kinene hivyo.

"Lilete," akasema dada.

Alilikunjua sakafuni, akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye mishono kama daktari. Akatoa tepe shingoni, akapima giaboksi tumboni na kiunoni. Akaniuliza inapata joto kiasi gani, inatikisika upande gani, oili ikimwagika itafika wapi. Akang'oa uzi uliooza kwa meno, akautema. "Aliyeshona hili alikuwa anashona hema," akasema. "Giaboksi ina mabega. Hakuyaona."

Aliondoka nalo kichwani, chini ya mvua.

Aprili 20

Asubuhi nimefunga tena. Sili ya ya tatu nimeiingiza kwa ncha ya ukucha, nikazungusha, nikazungusha tena. Kisha nikakaa kusubiri. Nilikuwa nimeapa sitapima chini ya mvua.

Dada alileta blanketi limekamilika, mikanda mipya, mabega na yote. Tukakaa pamoja tukisikiliza bati. Mchana sauti ikapungua, ikawa matone, ikawa tone moja moja kutoka kwenye mfereji, kisha ukimya mpana ambao ulikuwa umesahaulika. Cheche akazima redio bila kuambiwa.

Nikaingiza upepo. Duf. Ya pili, duf. Nikahamisha mdomo wa bomba kwenye tundu la tatu. Dada akainama akaweka sikio karibu na chuma, macho amefumba.

Duf.

"Rudia," akasema.

Duf.

"Rudia."

Nilirudia hadi akafumbua macho. Akasema cherehani yake ikishika uzi vizuri inakuwa na ukimya wa namna ile baada ya pigo. Hakuna kinachobaki hewani.

Tukaivika blanketi, tukaibeba kwa jeki hadi chini ya gari, ambalo Cheche alikuwa amelivuta tena gereji. Dada ndiye aliyekaza mikanda.

Aprili 28

Tumejaribu. Gia zote tatu. Hakuna harufu. Shemeji alinyamaza njia nzima ya kurudi. Cheche akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Mei 1

Mvua kidogo, kisha jua. Matope yanapasuka mitaani kama mkate.

Mei 6

Uwanja wa ndege. Nimeandika mengi msimu huu kuhusu maji, na leo kulikuwa na vumbi.

Hewa juu ya lami ilikuwa inacheza kwa joto, magari ya mbali yanaonekana yamekatika miguu, yanaelea. Watu wengi. Dada alivaa miwani ya jua tangu asubuhi. Shemeji ameketi ndani ya gari tangu tulipofika, hajashuka. Watu walikuja dirishani kumsalimia, akawasalimia kama mkuu wa kituo.

Mpinzani wake alikuwa mtengeneza vioo, ana gari jeupe lenye sauti kali. Walisogea kwenye mstari. Niliona kidole cha shemeji kwenye kitufe. Injini ikapanda, gari likatetemeka pale pale, limefungwa na ile njia ndogo ya oili niliyoichonga kwa mkono wangu. Nikahisi kama ndani ya kifua changu kuna kitu kimejazwa na kusubiri.

Kijani.

Liliruka. Niliisikia ya pili, kavu, kama kofi. Kisha nikaingoja ya tatu. Sijui kama ilichukua muda. Kwangu ilikuwa kama nimelala nikaamka. Dada alikuwa ameshika mkono wangu, kucha zake zimezama. Ikaja. Sauti ya injini ikashuka hatua moja na kuanza kupanda upya, nzima, imeshika, ikaenda nayo mbali hadi kwenye hewa ile inayocheza, na gari likayeyuka humo.

Mtengeneza vioo alimpita kidogo mwishoni. Kwa urefu wa taa, walisema.

Shemeji alirudi polepole, dirisha wazi, akasimama kando ya uzio. Watu wakaanza kumwendea. Nilikuwa wa kwanza kufika, na nikaona uso wake.

"Shem," akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Mguu umelala wote. Siwezi kutoka."

Nikageuka. Nikafungua boneti, nikasimama mbele ya umati, nikaanza kuonyesha kwa kidole vitu visivyo na maana. Hapa ndipo panapopoza oili. Hii feni ni kubwa kuliko ya kawaida. Cheche akaelewa, akaanza kubishana nami kwa sauti, watu wakasogea upande wetu kusikiliza ugomvi.

Kwa jicho la pembeni nilimwona dada akifungua mlango wa dereva. Akachuchumaa, akaweka mikono yake chini ya goti la kushoto, akautoa mguu nje, akaanza kuukanda, taratibu, huku anamsemesha. Sikusikia maneno. Shemeji alikuwa anamsikiliza, uso umeinama. Baada ya muda akamwekea mikono mabegani, dada akamkumbatia kiunoni, wakasimama wote wawili kwa pamoja, wamegandamana, vumbi linapita miguuni mwao. Walikaa hivyo sana.

Watu wakaona, wakapiga makofi. Walidhani ni furaha tu.

Mei 10

Jua kali. Nimeanza kazi ya lori la maji, giaboksi ya kawaida, haina mashauri.

Asubuhi shemeji amepita na dada wakienda kliniki ya mazoezi. Ana fimbo, na anaitumia mbele za watu. Dada alibaki mlangoni akizungumza na Cheche. Shemeji akaingia hadi mezani kwangu.

"Sikukwambia jambo moja," akasema. "Ya tatu ilipoingia, niliisikia mguuni."

"Ulikuwa unakanyaga mafuta, lazima uisikie."

"Si huo." Akagusa wa kushoto kwa ncha ya fimbo. "Huu. Kuanzia kisigino mpaka juu. Mara moja tu, ikapita."

Nikamtazama. Ni mtu wa chumvi, na ninajua mishipa ya fahamu si nyaya za Cheche kwamba utaitikisa itashika. Angeweza kuwa ananidanganya ili kunifurahisha. Angeweza pia kuwa anasema kweli. Nilitafuta usoni mwake dalili ya lolote kati ya hayo mawili, kisha nikaacha kutafuta.

"Nisimulie tena," nikamwambia.

Akaegemea meza, akaanza kusimulia. Dada akaita kutoka mlangoni kwamba wanachelewa, kisha akaingia, akakaa juu ya tairi, akasikiliza mpaka mwisho.